Sauti Niliyompa Bibi wa Sehemu ya Tisa

Nikiulizwa ni sizoni gani ya katuni za Kijapani ninayoijua kuliko zote, nitataja moja tu, na nikiulizwa kama ni nzuri nitasema ndiyo, kwa hasira. Nimeiangalia yote mara saba. Sehemu ya tisa peke yake nimeiangalia mara ya nane, nimekaa kitandani na bibi yangu mzaa mama, ambaye wakati huo hakuwa tena na kwake. Kwa hiyo ninayoyasema hapa juu ya uzuri na ubaya wa sizoni ile si maneno ya mtu aliyekaa pembeni. Nilitia mkono wangu ndani yake, nikatia na sauti ambayo haikuwa yangu kuigawa.

Hadithi yenyewe si ngumu. Kuna nchi ya milima na theluji, na kijana mmoja anayepeleka barua kwa miguu. Mgongoni ana mfuko wa barua, mkononi ana mundu wenye mpini mrefu kuliko yeye mwenyewe. Katika nchi hiyo mtu akimngoja mpendwa wake miaka na miaka bila kumwona, analia mpaka macho yanakuwa mekundu moja kwa moja, kisha anaingiwa na njaa ambayo hakuna cha kuituliza isipokuwa nyama ya watu. Kijana anafika na barua, anakuta aliyeandikiwa ameshakuwa hivyo. Wanapigana, anamkata shingo. Halafu, na hapa ndipo mchoraji alipoonyesha akili yake, kijana anakaa chini kando ya maiti, anafungua barua iliyochelewa, na anaisoma kwa sauti mpaka mwisho.

Nianze na mazuri. Mimi sijawahi kuona theluji na sitegemei kuiona, lakini nilipoiangalia sizoni ile mara ya kwanza, chini ya bati la Bariadi mwezi wa kumi, nilivuta shuka. Mapigano yake yamepangwa na mtu mwenye subira. Mundu unausikia kabla hujauona. Upepo unapita, mlango unalia, mtu anageuza uso, ndipo damu inakuja. Damu ni nyingi, sitaficha, ila mwanzoni kila tone lina uzito wake. Na zile barua. Sijaona muvi nyingine ya kuchinjana inayomlazimisha mtazamaji akae na aliyechinjwa dakika saba nzima, amsikilize mtu aliyempenda. Ukitoka hapo huwezi kushangilia, unabaki umeshika tama.

Mabaya yake nayo yapo. Steringi, yaani yule kijana shujaa, anaongea mno. Katikati ya pigano anasimama kumweleza adui jina la pigo, alikojifunza na litakavyomuumiza, na adui anangoja kwa adabu kama yuko kwenye kikao cha mahari. Wanawake wamewekwa ili waliwe au wapige kelele. Kuanzia sehemu ya kumi na nne hadi ya kumi na tisa hadithi haisogei hata hatua moja, ni kukata na kusoma, kukata na kusoma. Na ile damu iliyokuwa na uzito inageuka maji. Nilipofika sehemu ya ishirini nilikuwa nakula wali na maharage huku shingo zinadondoka, na sikuacha kutafuna. Kuna kasoro moja zaidi, kubwa kuliko hizo zote, ambayo sikuiona katika mara saba. Niliiona kijijini Sola, kwenye mkutano, na nitaisema nikifika huko.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri muvi. Kwa asiyejua kazi hiyo, huku kwetu watu hawaendi kwenye kibanda cha video kusoma maandishi yanayopita chini ya kioo. Wanataka mtu awasimulie. Basi mtafsiri anachukua muvi, anapunguza sauti zake, anaongea juu yake kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, na yeye ndiye steringi, ndiye adui, ndiye mama, ndiye mtoto. Mimi niliishia kidato cha nne na Kiingereza changu ni cha kusoma, si cha kuongea, lakini kilitosha. Nilirekodia kwenye chumba cha nyuma cha laibrari moja ya kuuza na kukodisha muvi karibu na stendi, magodoro yameegemezwa ukutani ili sauti isirudi, feni imezimwa ili isiingie kwenye maikrofoni. Nilikuwa natoka humo nimelowa kama niliyevuliwa kisimani.

Mwenye laibrari alikuwa na masharti mawili. Usiache ukimya, na kata panapolala. Ukimya ukizidi kibandani watu wanadhani mashine imekufa, wanapiga miluzi. Na muvi ikilala wanadai warudishiwe kiingilio. Sasa fikiria sizoni ambayo kila baada ya pigano inamkalisha mtu kwenye theluji dakika saba anasoma barua. Nilizikata. Ishirini na sita, zote. Kila ilipofika kijana anatia mkono kwenye mfuko, mimi nilirukia kwenye pigano lijalo, na hapo kwenye kiungo nilitia mzaha au salamu kwa wateja wa Bariadi, Maswa na Lamadi. Nilichokiacha ni kuchinja tupu, na kuchinja kulikwenda kasi, na watu walifurahia.

Lilibaki neno moja kunisumbua. Wale wenye macho mekundu, kwenye maandishi ya Kiingereza, walipewa jina lenye maana ya wenye njaa. Nilijaribu hivyo hivyo, "wenye njaa," kwenye rekodi ya majaribio tuliyoionyesha kibandani, kibanda kizima kikacheka, kwa sababu njaa huku si kitu cha kumtisha mtu mzima, ni mgeni anayejulikana. Nilijaribu zimwi, wakasema hilo ni la darasa la pili. Nilijaribu jini, wakasema majini wabaki nao watu wa pwani. Katika sehemu ya tatu, mundu ukiwa juu, nikajisikia nimesema "mchawi," na lilipofika pigo la mwisho Kisukuma kikanitoka chenyewe, nikasema "nogi," yaani mchawi huyo huyo kwa lugha ya nyumbani. Rekodi hiyo ilipoonyeshwa Jumamosi mchana, kibanda kilipasuka. Watu walisimama juu ya mabenchi. Nilidhani sijawahi kutafsiri vizuri kuliko siku ile, na kama ni suala la kutafsiri tu, bado nadhani hivyo. Hilo ndilo linaloniuma.

Sehemu ya tisa ina bibi kizee. Anakaa peke yake mwisho wa kijiji, mlango wake hauna komeo, sufuria yake haitoki motoni. Steringi anafika amechoka, bibi anamkaribisha uji, anamwita mwanangu, anamfunika blanketi. Mtazamaji anamuonea huruma mpaka taa inapomwangaza uso na macho yanaonekana. Hapo mundu unatoka. Katika kurekodi nilimweka steringi anamuuliza kwanza, kwa dharau, "Bibi, macho hayo, ulikuwa unapika au unaroga?" Kwenye katuni yenyewe maneno hayo hayapo. Niliyabuni mimi kuziba ukimya.

Na yule bibi alihitaji sauti. Sauti za wanawake zilikuwa zinanishinda, zote zilitoka kama mwanamume aliyebanwa na mlango. Kwa hiyo nilimchukua bibi yangu. Nilichukua kile kikohozi kidogo anachokitanguliza kabla ya kuuliza kitu, na namna anavyovuta silabi ya mwisho mpaka inachoka, na ile l inayokaa mahali pa r. "Kalibu ndani mwanangu, uji upo wa moto." Ilinitoka bila kujaribu mara mbili. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka sita, na sauti hiyo ndiyo iliyoniamsha kila asubuhi mpaka nilipokwenda sekondari. Niliposikiliza rekodi nilicheka peke yangu kwenye kile chumba, kwa upendo kabisa, nikaona nimemtendea heshima.

Bibi yangu alikuwa akiishi Sola, wilayani Maswa, kwenye nyumba ya tofali za udongo aliyojengewa na babu, na babu amezikwa nyuma yake, na mama yangu amezikwa hapo. Alikuwa na shamba la pamba, kuku, na jiko la mafiga matatu. Miti upande ule imekwisha, watu wanapikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa na miti ya pamba baada ya mavuno, na moshi wake unakaa ndani ya jiko kama mtu aliyekuja kudai. Amepika kwenye moshi huo tangu akiwa binti. Macho yake yalikuwa mekundu toka nimfahamu. Kila mtu Sola alijua ni moshi, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na mama au bibi ambaye macho yake yalikuwa njiani kwenda huko huko.

Sizoni ilipotoka ilisambaa kuliko nilivyotarajia. Ilibebwa kwenye flashi na kwenye kadi za simu, ikafika hata sehemu ambazo umeme haujafika. Kijijini Sola kulikuwa na duka moja lenye umeme wa jua na televisheni, na mwenye duka aliiweka kila jioni kabla jua halijazama. Aliyeniambia ni mama yangu mdogo, mdogo wake marehemu mama, mwenye kaduka ka vitenge na sabuni mtaa wa Binza, pale Maswa mjini. Alinipigia simu huku anacheka. Alisema watoto kisimani wanamuuliza bibi macho hayo alikuwa anapika au anaroga, na bibi anawajibu kwamba alikuwa anapika, na watoto wanakimbia wakianguka kwa kicheko. Nilicheka na mimi. Nitakuwa mwongo nikisema sikujisikia maarufu.

Simu ya pili haikuwa na kicheko. Ng'ombe wawili wa jirani walikuwa wamekufa kwa kuvimba tumbo, na jirani aliacha kumsalimu bibi. Huko kwetu salamu si jambo la kupita. Mwanamke kijana akikutana na mzee wa umri wa bibi anapiga goti, anasema mwangaluka, anaulizwa habari za nyumba yake, mtu mmoja baada ya mwingine, na anayekunyima hayo amekunyima kitu kikubwa. Baada ya jirani waliacha wakwe wa jirani. Baada yao wakaacha wanawake waliokuwa wakienda naye shambani. Kisha siku moja asubuhi bibi alikuta ukuta wake umechorwa kwa mkaa. Mama mdogo alipiga picha kwa simu akanitumia. Aliyechorwa alikuwa mtu mwenye mfuko mgongoni na mundu wenye mpini mrefu. Hakukuwa na maandishi yoyote. Bibi alikuwa ameomba aniulize kama namjua mtu huyo ni nani, maana yeye hakuwahi kuiona ile katuni.

Nilipanda basi siku hiyo hiyo mpaka Maswa, nikachukua bodaboda hadi Sola. Sote tuliokulia upande ule tunajua mambo haya huwa yanaanzaje na huwa yanaishia wapi: bibi mwenye macho mekundu anaitwa mchawi, na usiku mmoja anakatwa mapanga. Nilimkuta bibi anasugua ukuta kwa majani mabichi. Mkaa ulikuwa umetoka, lakini udongo mahali pale ulikuwa umepauka, kwa hiyo mtu na mundu wake bado walionekana, weupe badala ya weusi. Alinipokea kwa furaha, akaniuliza kama nimekula, akanipa matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando. Hakulalamika. Aliniambia tu kwamba hataki kuondoka hapo, kabla sijasema lolote juu ya kuondoka.

Mwenye duka alikuwa mstaarabu. Aliifuta sizoni mbele yangu, akasema iliyo kwenye simu za watu hawezi kuifuta. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nikaomba mkutano, na baada ya siku mbili ukaitishwa. Wanaume walikaa upande wao, sungusungu, yaani walinzi wa jadi wa kijiji, wakasimama nyuma na fimbo zao, wanawake wakakaa chini upande wa pili. Bibi alikaa miongoni mwa wanawake, na kulia kwake na kushoto kwake palibaki pengo ambalo mtu mwingine angeweza kukaa. Nililiangalia pengo lile kuliko nilivyoangalia uso wa mtu yeyote.

Nilisimama nikasema ukweli. Nilisema sauti zote ni zangu. Nilisema katuni imechorwa mbali sana na watu wasiojua kama Sola ipo, kwamba wale si wachawi, ni watu wa hadithi, na neno mchawi nililitia mimi. Nilisema macho ya bibi yangu ni moshi, na nikawaomba kila mmoja akumbuke macho ya mama yake mzazi. Niliongea vizuri. Kuongea ndiyo kazi yangu. Watu walisikiliza kwa utulivu na mimi nikaanza kupata nafuu moyoni.

Ndipo akasimama mama mmoja wa makamo, ambaye nikiwa mdogo alikuwa akinipa karanga nikipita kwake. Alinisalimu kwanza, vizuri, kwa jina la ukoo.

"Mimi sijasema kitu juu ya mayu, mama yetu huyu," alisema. "Mimi nauliza tu. Sauti ni ya kwake, hilo wote tumesikia. Na aliyeitia mle ni wewe, mjukuu uliyelala naye nyumba moja miaka yote ile. Sisi majirani tunaona moshi. Wewe umeona ya ndani. Kama hukuwa na jambo, kwa nini hukutafuta sauti ya mtu mwingine?"

Kwetu majirani wanaweza kunong'ona miaka kumi na yasiwe kitu. Neno linapata miguu likitoka ndani ya nyumba, kwa mke mwenza, kwa mkwe, kwa mjukuu. Hakuna mtu Sola aliyekuwa mjinga wa kudhani Wajapani wanamjua bibi yangu. Wao walichoamini ni kwamba mimi namjua, kwamba nilikuwa na siri niliyoogopa kuisema mdomoni, na nikaisema kwa njia ya muvi ili wakubwa waelewe. Walikuwa wameipokea sehemu ya tisa kama ushahidi wa mtoto wa nyumba. Na ukizijua desturi zetu, walikuwa na haki ya kuelewa hivyo.

"Nilimwiga kwa sababu nampenda," nilijibu.

Ilikuwa kweli, na hakuna kweli niliyowahi kuisema ikasikika dhaifu namna ile. Mama yule alisema sawa mwanangu, akakaa. Hakukuwa na swali lingine.

Hapo ndipo nilipoiona kasoro niliyoahidi kuisema. Katika sehemu zote ishirini na sita, yule kijana hajakosea hata mara moja. Akiona macho mekundu anatoa mundu, na kila aliyekatwa alikuwa kweli amekula watu. Hakuna hata bibi mmoja katika milima ile mwenye macho mekundu kwa ajili ya jiko lake. Mchoraji alimpa adui huruma zote, akampa barua, akampa miaka ya kulia, lakini hakumpa steringi nafasi ya kuua asiyestahili na kujua baadaye. Ni ulimwengu ambao macho hayasemi uongo, na mtu akishautazama kwa muda mrefu anatoka nje na kuanza kutazama macho ya watu. Barua zilikuwa dawa pekee iliyowekwa humo dhidi ya sumu hiyo, na mimi ndiye niliyezitoa. Siwezi kumlaumu mchoraji peke yake. Namlaumu, lakini siyo peke yake.

Mkutano ulipokwisha, kiongozi wa sungusungu alinivuta pembeni. Alikuwa mtu mzito wa maneno. Aliniambia wao hawajapokea shauri lolote na hawana ugomvi na bibi. "Lakini mimi siwezi kukaa mlangoni kwake kila siku," alisema. "Mchukue." Nilimuuliza kama anajua jambo lolote. Alisema hajui lolote, akarudia kwamba nimchukue.

Mama mdogo wa Binza hakuweza kumpokea. Mumewe alisema nyumba ni ndogo na watoto bado wachanga, na alilisema hilo la watoto akiangalia chini, nami nikamwelewa na nikamchukia. Kwa hiyo bibi alikuja kwangu Bariadi. Alifunga kanga zake na sufuria mbili, akagawa kuku, akaenda nyuma ya nyumba akakaa makaburini kitambo. Alipopanda bodaboda hakugeuka. Njiani, karibu na Maswa, aliniuliza lini tutarudi kupanda pamba, nikamwambia mvua zikianza. Tulijua wote wawili kwamba nilikuwa namwambia tu.

Nilipanga vyumba viwili. Nilimnunulia jiko la gesi ili macho yapumzike, na kwa miezi michache nilikuwa nayachungulia kila asubuhi kama mkulima anayechungulia mbegu. Hayakubadilika. Daktari wa macho alisema moshi wa miaka mingi kiasi hicho hautoki, kilichobaki ni kuzuia yasizidi. Bibi alisema gesi haina harufu ya chakula. Kazi ya kutafsiri nilikuwa nimeiacha, nikawa nachomelea mageti kwa fundi mmoja, na mwenye laibrari alishapata mtafsiri mwingine. Niliambiwa anafanya vizuri kuliko mimi.

Siku moja Jumapili mchana bibi alisema anataka kuiona. Nilijifanya sielewi. Akakohoa kile kikohozi, akauliza kama nimeitupa au ninayo. Nilikuwa nayo, ile yenyewe, yenye Kijapani chake na isiyokatwa. Niliweka kompyuta juu ya ndoo, karibu, kwa sababu haoni mbali, tukakaa kitandani nikaanza kumsimulia sehemu ya tisa kwa Kisukuma, polepole, bila mzaha na bila kuigiza sauti ya mtu. Aliuliza kama ule ni unga umemwagika. Nikamweleza theluji. Mundu ulipotoka hakufumba macho.

Kisha kijana akakaa chini, akafungua barua, na kwa mara ya kwanza nikaitafsiri. Ilikuwa ya mwanawe yule bibi, aliyekwenda kutafuta kazi ng'ambo ya milima. Alimwandikia kwamba atachelewa, njia imefungwa, lakini asimtoe kwenye hesabu ya chakula, amwekee fungu lake kila siku mpaka afike. Picha zinamwonyesha bibi akipakua bakuli mbili, miaka inapita, bakuli la pili linapoa, yeye analitazama na kulia. Mimi mwenyewe nilishindwa kumalizia mistari ya mwisho nikaikatisha kwa maneno yangu. Bibi aliangalia mpaka kioo kikawa cheusi.

"Kumbe alikuwa anamngoja mtu," alisema.

"Ndiyo."

"Kipande hiki watu wa Sola wamekiona?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Nilikikata, bibi. Watu wangechoka."

Alitikisa kichwa taratibu, kama anayeelezwa bei ya kitu asichokusudia kununua. Hakunigombeza. Ningemshukuru angenigombeza. Alisema tu kwamba yule kijana ilimpasa aisome barua kwanza, kabla ya kumkata, kisha akaomba maji ya kunywa. Nimesoma na kusikia mengi juu ya sizoni ile, na uchambuzi unaoizidi sentensi hiyo sijaukuta.

Nilidhani mabaya yameishia Sola. Nilikuwa nimemwambia mara nyingi, ili kumtia moyo, kwamba hapa mjini hakuna anayemjua, kwamba ukitoka nje wewe ni bibi kama bibi wengine. Aliliamini neno langu. Akaanza kutoka, akaanza kuzoea soko, na asubuhi moja ya Jumamosi nilimsindikiza kununua dagaa. Muuzaji alikuwa binti mchangamfu mwenye mzigo wa kutoka Lamadi. Bibi aliinama juu ya fungu, akakohoa kidogo, akauliza, "Mwanangu, hawa dagaa ni wa siku ngapii?"

Binti aliacha kupima. Uso wake uliwaka kwa furaha, sikuona ubaya wowote ndani yake.

"Jamani, bibi, hebu sema tena," alisema. "Unaongea kama yule wa kwenye katuni."

Wa meza ya jirani akageuka, na wa meza ya tatu, na kijana mmoja aliyebeba viroba akamuuliza kwa sauti ya steringi, yaani kwa sauti yangu, lile swali la macho. Soko lote la upande ule lilicheka. Kilikuwa kicheko cha watu waliofurahi, cha mtu aliyekutana na kitu anachokipenda. Bibi alivuta kanga mpaka usawa wa pua.

Tangu siku ile bibi akiwa nje haongei. Nyumbani, mlango ukiwa umefungwa, ananiambia mawili matatu kwa sauti ya chini, na mpangaji mwenzetu akipita uani ananyamaza mpaka hatua ziishe. Sokoni anaonyesha kwa kidole anachotaka, na akiulizwa kiasi gani anainua vidole. Wauzaji wageni wanadhani ni bubu, na wanamhudumia kwa upole sana.